Kompaila haikisii: dhana potofu kuhusu aina katika Haskell

Wengi wanaokuja kwenye kikao chetu cha Haskell, lugha ya kuandikia programu, hapa Kisumu wametoka Python, lugha nyingine kama hiyo, na wanakuja na mizigo yao. Wa kwanza ni kudhani kwamba kwa kuwa hulazimiki kuandika aina (yaani kama kitu ni namba, maandishi au kingine), basi aina hazipo. Zipo. Haskell huzihakiki zote kabla programu haijaanza kukimbia; Python hungoja hadi mstari wenyewe ufikiwe. Tuendelee.

Dhana: Kompaila hukisia aina.

Neno "kukisia" ndilo linalopotosha. Kompaila, ile programu inayohakiki na kutafsiri ulichoandika, hukipa kila kitu aina isiyojulikana, hukusanya milinganyo kutokana na jinsi vitu vinavyotumiwa, kisha huitatua, kama zile hesabu za x na y za shuleni. Roger Hindley, mtaalamu wa mantiki, alichapisha msingi wa njia hii mwaka 1969, na Robin Milner, mwanasayansi wa kompyuta, akaufikia kivyake mwaka 1978. Mwaka 1982 Luis Damas na Milner walionyesha kwamba jibu linalopatikana ndilo pana kuliko yote yanayowezekana. Bahati nasibu haimo.

Dhana: Mstari uliotajwa ndio wenye kosa.

Hii ndiyo inayokula jioni za watu. Kijana mmoja alikuwa akiandika programu ya nauli za matatu. Juu kabisa aliweka:

`nauli km = show (km * 8)`

Chini, mbali kidogo:

`jumla = sum (map nauli [120, 45, 60])`

Hapo `map` huipitisha `nauli` kwenye kila umbali, na `sum` hujumlisha. Kompaila ikalalamikia `sum`: maandishi hayajumlishwi. Akakesha na `sum`, akabadilisha orodha, akaondoa `map`, akairudisha. Kumbe kosa liko juu, kwenye `show`, iliyogeuza nauli kuwa maandishi. Kwa kompaila mstari ule wa juu ulikuwa halali kabisa. Nani aliiambia kwamba nauli ni namba?

Mfikirie mweka hazina wa chama. Daftari linasema mwanachama alilipa 500, risiti inasema 300. Atakuonyesha ukurasa ambapo hesabu zilikataa kulingana. Nani aliandika vibaya, hajui, na si kazi yake kujua.

Kijana alipoongeza `nauli :: Int -> Int` juu ya fankisheni yake, yaani inapokea namba kamili (`Int`) na kutoa namba kamili, lalamiko lilihamia pale pale kwenye `show`. Tamko hilo ni ushahidi: sasa kompaila inajua nia yako, na inaweza kusema ni wapi ulikengeuka.

Dhana: Anayeandika matamko ya aina hajaiva.

Kinyume chake. Waliozoea Haskell huandika tamko kwa karibu kila fankisheni ya ngazi ya juu na kuiachia kompaila vitu vidogo vya ndani. Na kuna mahali huna hiari. Chukua `show (read s)`: `read`, inayosoma maandishi na kuyageuza kuwa kitu kingine, inaweza kutoa namba kamili, desimali au kitu kingine, na `show` inapokea vyote. Milinganyo imeisha, jibu halijapatikana, basi useme mwenyewe: `show (read s :: Int)`. Fankisheni inayojiita yenyewe kwa aina tofauti na ile iliyoanza nayo pia haipiti bila tamko.

Dhana: Namba zikigoma, tia `fromIntegral` kila mahali.

Tuseme unatafuta wastani wa bei ya gorogoro la omena. Unaandika `sum bei / length bei` na inakataa, kwa sababu `length` hutoa `Int` na alama ya `/` haigawanyi `Int`. Hapo dawa ni kweli `fromIntegral`, inayogeuza namba kamili kuwa aina nyingine ya namba: `sum bei / fromIntegral (length bei)`. Lakini `fromIntegral` huanzia kwenye namba kamili tu. Ukiwa na desimali unayotaka kuifanya kamili, unahitaji `round`, `floor` au `truncate`, na hizo tatu hazitoi jibu moja: 57.8 kwa `round` ni 58, kwa `floor` ni 57. Kwa muuza omena hiyo ni shilingi.

Mimi nikikwama kabisa huweka `_` mahali nisipoelewa. GHC, kompaila ya Haskell, tangu toleo 7.8 la mwaka 2014, hunitajia aina inayotakiwa pale na aina za majina yaliyo karibu. Mara nyingi nikisoma tu orodha hiyo naona ni jina lipi lenye aina nisiyoitarajia, na huko ndiko naenda kuandika tamko.