Je, wajua kwa nini nyumba huvurugika zaidi siku ya kuipanga?

Ramadhani inapokaribia, nyumba nyingi za Lamu hupangwa upya. Makasha hufunguliwa, vyombo hushushwa kutoka zidakani, yaani vishubaka vya ukutani, na magodoro hutolewa kuanikwa. Adhuhuri ikifika, mara nyingi hakuna hata pa kupita, na usiku vitu hurudishwa vilevile palepale, kwa kuwa watu wanataka pa kulala. Wenye nyumba hujilaumu kwa uvivu, ilhali kosa lilitendeka kabla ya kasha la kwanza kufunguliwa.

Kazi ya kupanga hudai nafasi tupu kabla ya kuizalisha. Kila kitu kinachotolewa mahali pake huhitaji mahali pengine pa kungojea, na katika nyumba kongwe ya mawe mahali hapo ni padogo mno. Upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, na kwa kawaida haupiti mita 3 hivi. Kisha vyumba vyenyewe vimekaa sambamba, kimoja nyuma ya kingine, hivi kwamba mtu hupitia msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi mbili za mwanzo, ndipo afike chumba kiitwacho ndani. Anayeanza na ndani, kwa kuwa ndiko kulikojaa zaidi, huurundika mzigo msanani na kuiziba njia pekee ya kuutolea. Kwa hiyo naona ni heri kuanza upande wa mlango: kuondoa kwanza vilivyojazana dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, na kiwandani, yaani uwanja wa katikati ya nyumba ulio wazi kwa mbingu, ili vya ndani vipate pa kutokea.

Sababu ya pili imo katika makisio yetu ya muda. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba binadamu hukisia muda mfupi kuliko unaohitajika, hata kama kazi kama hiyo ilimchelewesha zamani. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu lini wangemaliza tasnifu zao; wastani wa makisio ulikuwa siku 34 hivi, na wastani wa siku walizotumia kweli ukapita 55. Aliyetenga siku moja kwa nyumba nzima amefanya kosa lilo hilo. Atenge siku hiyo kwa chumba kimoja, na akumbuke ilivyokuwa mwaka jana badala ya kutazamia itakavyokuwa akiwa na bidii.

Hata tarehe ya kupanga haifai kunakiliwa kutoka mwaka hadi mwaka. Ramadhani hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka, na katika miaka inapoangukia masika, baina ya Aprili na Juni, matandiko hayakauki na kuta za mawe ya matumbawe hufyonza unyevu. Kupanga nguo kabatini wakati huo ni kuzikaribisha kuvu.

Kabati nalo hununuliwa mwisho, ingawa wengi hulitanguliza. Kabla ya kuchambua vitu hakuna ajuaye vitakavyobaki, na kabati lenye kina cha sentimita 60 humega sehemu kubwa ya chumba chembamba, hasa likiachiwa upenyo wa hewa nyuma yake. Fundi seremala apewe vipimo vya mlango na vya kona ya ngazi pia, maana kuna makabati yaliyolazimika kufumuliwa barazani.

Lililo muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni njia ya kutokea. Katika vichochoro vya mji wa kale gari halipiti, na mizigo hubebwa na punda au kusukumwa kwa mkokoteni. Kwa hiyo mwenye punda aagizwe mapema, na watakaopewa vitu waambiwe, ili vilivyoamuliwa kuondoka viondoke siku ileile. Vikilala dakani siku tatu, kila apitaye hukumbuka matumizi ya kimoja, na kimoja kimoja hurudi ndani.