Uzbekistan: Kabla Hujafika Samarkand

Wengi ninaowapeleka Uzbekistan wamepitia madrasa, na swali lao la kwanza ni kaburi la Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume. Karibu wote hudhani liko Bukhara. Huko ndiko alikozaliwa, mwaka 810. Alifariki mwaka 870 katika kijiji cha Hartang, karibu na Samarkand, akazikwa hukohuko. Kwa hiyo lala Samarkand usiku tatu. Siku moja iwe ya Imamu, nyingine ya uwanja wa Registan, wenye madrasa za kale, na makaburi ya Shah-i-Zinda. Shah-i-Zinda nenda alfajiri: jua likianza kugusa vigae vile vya buluu, na watu bado wachache, hata msemaji sana hunyamaza.

Treni ya kasi, Afrosiyob, hutoka Tashkent hadi Samarkand kwa saa mbili na ushei. Tiketi huisha mapema, basi usingoje ufike. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na usome stesheni vizuri, kwa maana Tashkent ina mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Nimewahi kukimbizana na teksi asubuhi na mama wa watu mwenye mizigo mitatu kwa sababu hiyo tu.

Hoteli itakuandikisha kwa mamlaka na kukupa kikaratasi. Kitunze mpaka siku ya kuondoka. Ukilala kwa rafiki, mwenyeji wako ndiye wa kukuandikisha. Mkumbushe siku ileile. Dawa zenye kodeini au tramadoli usizibebe kienyeji, zina masharti makali mpakani.

Aprili, Mei, Septemba na Oktoba ndiyo miezi yangu. Kuanzia 25 Juni hadi 5 Agosti ni chilla, siku kama arobaini za joto kali, na wazee huteseka.

Ukikaribishwa nyumbani, mwenyeji atamimina chai kwenye piyola, kibakuli kisicho na mkono, airudishe birikani, mara tatu, ndipo akupe. Atakutilia kidogo. Sisi wa pwani tungeona choyo, lakini kwao ni heshima: anataka chai isipoe, tena apate nafasi ya kukuongezea. Piyola ikijazwa pomoni ndiyo dalili ya kukuaga. Na mkate wao, non, usiuweke kifudifudi mezani. Umege kwa mkono.