Mota ya Sanamu Inayozunguka Polepole: Dhana Potofu na Ukweli

Karibu kila msanii anayeniletea mchoro wa sanamu inayopaswa kuzunguka mara moja kwa dakika huniambia maneno yaleyale: "Mota ninayo tayari, nifungie tu kidhibiti cha kuipunguza kasi." Mara nyingi mota yenyewe imetolewa katika feni au mashine ya kutobolea, nami hulazimika kuanza upya maelezo ambayo sasa nimeamua kuyaandika.

Kupunguza kasi kwa umeme si sawa na kupunguza kasi kwa gia. Ukishusha volti za mota ya mkondo mnyoofu (DC), kasi hupungua lakini torki, yaani nguvu ya kuzungusha, haiongezeki hata kidogo, na inapokaribia mizunguko michache kwa dakika, msuguano wa brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) na beringi peke yake hutosha kuifanya ishtukeshtuke, isimame, kisha iruke. Ikisimama huku umeme ukiendelea kupita, mkondo hupanda na nyaya za ndani huanza kuungua. Mota ya induksheni, ile ya mkondo geu (AC) isiyo na brashi, haina nafuu: yenye nguzo nne za sumaku, kwa umeme wa hezi 50, uga wake wa sumaku huzunguka mara 1500 kwa dakika, na hata ukiwa na kidhibiti kizuri cha kubadili hezi, ukiishusha sana, feni iliyofungwa kwenye shafti yake nayo hukaribia kusimama, hivyo mota hukosa hewa ya kuipoza wakati inapoihitaji zaidi.

Giaboksi hufanya kazi ambayo kidhibiti hakiwezi. Mota ya mizunguko 3000 kwa dakika, ikipitishwa kwenye uwiano wa 1000 kwa 1, hutoa mizunguko 3, na torki yake huzidishwa mara 1000, ukiondoa kinachopotea katika meno ya gia; hata hivyo, usivuke kikomo cha torki kilichowekwa na mtengenezaji, kwa sababu meno hukatika hata kama mota ni ndogo kama kidole gumba. Kidhibiti kibaki kwa marekebisho madogo tu. Mimi hupendelea mota ya volti 24 yenye giaboksi, iliyochaguliwa ili kasi inayotakiwa ipatikane kwenye volti 16 hivi, maana huenda kimya zaidi na brashi hudumu.

Dhana ya pili ni kwamba sanamu nzito huhitaji mota kubwa. Sanamu ya kilo 200 iliyosawazishwa juu ya shafti wima hubebwa na beringi, wala si na mota, ambayo kazi yake ni kushinda msuguano na kuianzisha taratibu. Msuguano huo ukihitaji torki ya nyutoni-mita 20, kwa mzunguko mmoja kwa dakika hiyo ni takriban wati 2. Kinachotisha ni uzito usiosawazishwa kwenye shafti ya mlalo: kilo 5 zilizo sentimita 20 kutoka kwenye mhimili hudai karibu nyutoni-mita 10.

Wengine hudai kwamba mota ya stepa, inayozunguka kwa hatua ndogondogo, ndiyo laini kuliko zote. Ikiwa na hatua 200 kwa mzunguko na kuunganishwa moja kwa moja, kwa mzunguko mmoja kwa dakika hupiga hatua tatu na kitu kila sekunde, na jicho huziona. Kuzigawa hatua hizo kuwa ndogo zaidi kwa kidhibiti husaidia, lakini mvumo wake husikika katika ukumbi tulivu. Na vile vimota vya sinkronasi (vinavyozunguka kwa kufuata hezi za umeme) vya kuzungushia sahani ya maikrowevu? Vingi havichagui upande. Leo kulia, kesho kushoto.

Mwisho, giaboksi ya parafujo, ambayo ndani yake parafujo huzungusha gurudumu la meno, haiharibiki kwa sababu ya sanamu bali kwa sababu ya watazamaji. Kwa kuwa nyingi hazikubali kuzungushwa kutoka upande wa mzigo, mtu akiisukuma sanamu kwa mkono, nguvu yote huishia kwenye meno. Weka klachi ya kuteleza, yaani kiungo kinachoteleza nguvu ikizidi, kati ya giaboksi na sanamu, hata ukiwa umebandika tangazo la kukataza kugusa.