Beriberi si njaa

Wiki iliyopita, msibani huku Mwanga, Kigoma, nimelisikia tena: "Beriberi? Yule na mwili wote ule? Beriberi si ya watu wenye njaa?" Aliyezungumziwa ni dada aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, akawa anatapika kila alichokula, kisha nyayo zikaanza kuchomachoma na kufa ganzi. Mzee mmoja akakata shauri kuwa ni kiharusi. Shangazi yeye aliona mkono wa mtu.

Beriberi ni maradhi ya kupungukiwa vitamini B1, yaani thiamini, ambayo huumiza mishipa ya fahamu au moyo. Basi.

Linalonikera ni hiyo njaa. Neno lenyewe hufuatiliwa hadi lugha ya Kisinhala, Sri Lanka, ambako "beri" ni udhaifu, likarudiwa kutia mkazo kama sisi tunavyosema "hoi hoi". Njaa haimo. Na walioumwa sana huko Asia karne ya 19 walikuwa wakila wali, tena ule mweupe uliokobolewa ukang'aa. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa Java, aliona kuku wakilegea miguu kwa kulishwa wali huo, na wakisimama tena waliporudishiwa usiokobolewa. Mwaka 1929 akapewa sehemu ya tuzo ya Nobel. Dawa ilikuwa kwenye pumba, ambazo sisi tunawamwagia kuku bila hata kujua tunawapendelea. (Ugali wetu wa muhogo nao una B1 kidogo, maharage ndiyo yanayotusitiri.) Shuleni tuliikariri beriberi kwenye orodha moja na kiseyeye na kwashiakoo, na nadhani hapo ndipo picha ya mtoto mwenye mbavu nje ilipoibandikia njaa.

Mtu mnene anaweza kuwa na akiba ya mafuta ya miezi, ila akiba ya B1 mwilini ni ya wiki 2 au 3 tu. Akitapika mfululizo baada ya upasuaji, inakwisha huku mwili bado ni mkubwa. Mwili huitumia B1 kuchoma sukari na wanga, kwa hiyo soda, au dripu ya glukosi isiyotanguliwa na B1, inaweza kumalizia kilichobaki. Hapo ubongo nao huguswa: macho kuchezacheza, kuyumba, kuchanganyikiwa. Daktari Mjerumani Carl Wernicke aliyaeleza hayo mwaka 1881 kwa wagonjwa 3. Wawili walikuwa walevi. Wa tatu alikuwa mshonaji kijana aliyekunywa tindikali, tumbo likaharibika, chakula kikawa hakikai tumboni. Huyo hakupasuliwa, lakini njia ni ileile ya dada yetu.

Shikamoo mzee wangu: kiharusi huja ghafla, na mara nyingi hushika upande mmoja. Hii huanzia nyayoni, miguu yote miwili, ikipanda siku kwa siku. Nawe shangazi, soda uliyompelekea ilikuwa ya upendo, najua. Safari nyingine mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na hata kama anaona aibu, aseme mlangoni kabisa kwamba tumbo lake lilipunguzwa.