Mpira kwanza, upana baadaye: ninavyochagua skwiza ya nyumbani

Shangazi yangu alivunjika nyonga hatua mbili nje ya mlango wa bafu, alfajiri ya Ramadhani, akitoka kutia udhu. Sakafu haikuwa chafu. Ilikuwa imepigwa deki muda mfupi baada ya daku, kwa tambara lile lile la siku zote, na juu ya marumaru mpya zinazong'aa pakabaki utando wa maji usioonekana kwa taa hafifu ya koridoni. Miaka yote aliyokaa na sakafu ya niru hakuwahi kuteleza. Niru yake ilikuwa kuukuu, imekwaruzika, inashika mguu.

Nimesimamia usafi wa hoteli Unguja kwa miaka tisa, kisha wa hospitali Dar es Salaam kwa miaka minane. Huko kote sakafu yenye maji haiachwi ikauke yenyewe. Nyumbani ndiko tunakoiacha, na nyumbani ndiko waliko wazee na watoto wanaokimbia. Watu huniuliza sana kuhusu sabuni na manukato ya sakafu. Kuhusu skwiza, ule mpira wenye mpini wa kusukumia maji, hawaulizi. Huokota wa kwanza wanaoukuta dukani, mara nyingi kwa kupenda rangi yake, kisha baada ya wiki tatu wanalalamika kwamba unaacha michirizi.

Kwanza niseme kwa nini tambara peke yake halitoshi. Tambara likishashiba maji haliyaondoi tena, linayatandaza. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4. Maji ya kina cha milimita 2 tu katika chumba hicho ni lita 24, yaani ndoo kubwa ya lita 20 imejaa na bado yanabaki ya kujaza sufuria. Mtu atalikamua tambara mara ngapi mpaka lita 24 ziishe? Atachoka katikati, atapangusa juu juu, na kitakachobaki ni ule utando uliomwangusha shangazi. Mpira mzuri huyapeleka maji hayo mlangoni kwa dakika chache, na kinachobaki nyuma yake ni unyevu mwembamba ambao feni huumaliza.

Neno deki lenyewe lilitoka melini: deki ni sakafu ya meli, na kupiga deki ilikuwa kazi ya mabaharia kabla haijawa kazi ya nyumbani. Skwiza nayo ina asili ya majini. Zamani wavuvi walitumia ubao wenye mpini mrefu kusukumia nje damu ya samaki na magamba. Baadaye ukawekwa mpira, lakini hata wasafisha madirisha wa Marekani walihangaika na chombo kizito cha chuma chenye ndimi mbili nene za mpira, ambacho ili kubadilisha mpira ulilegeza skrubu 12. Mwaka 1936 Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa akisafisha madirisha Oakland, California, alipata hataza ya skwiza nyepesi yenye ulimi mwembamba, laini na wenye ukingo mkali. Natumia habari hii kila ninapofundisha wasafishaji wapya, kwa sababu inaonyesha kazi inafanywa na nini. Kinachokausha ni ukingo wa mpira. Uzito wa chombo haukaushi kitu, wala nguvu za mikono.

Basi tuanze na mpira. Madukani utakuta aina mbili kuu. Ipo yenye ulimi mmoja wa mpira ulioshikamana, na ipo yenye ndimi mbili za sponji, nyingi zikiwa nyeusi, zimebanwa pamoja kwenye fremu ya bati au plastiki. Wauzaji wengi watakuambia ya sponji ndiyo bora kwa kila sakafu. Sikubaliani nao.

Sponji ina sifa moja kubwa: inabonyea na kuingia mashimoni. Kwenye marumaru za kawaida zenye mistari ya grauti (ile saruji ya kuzibia kati ya marumaru) iliyozama, ulimi mmoja mgumu hupita juu ya mstari kama daraja na kuacha maji chini yake, ilhali sponji inashuka ndani na kuyatoa. Kwenye niru ya zamani yenye mabonde pia inafanya vizuri. Lakini sponji hunywa maji. Ukimaliza kazi, ukaiegemeza nyuma ya mlango wa choo usiopata hewa, kesho inanuka, na kwa hali ya hewa ya pwani haikauki kabisa. Unyevu na uchafu vinavyokaa ndani ya vitundu vyake hurudi sakafuni kila unapoivuta. Kwa jikoni na kwa chumba cha mgonjwa siitaki. Tena kwenye zege la nje, kwenye ua au baraza ambayo fundi hakuipiga niru, inanyofoka vipande vipande kama mkate uliolowa.

Ulimi mmoja wa mpira ulioshikamana ndio ninaoupenda kwa marumaru kubwa zilizopangwa kwa karibu, kwa terazo, na kwa sakafu yoyote iliyo sawa. Unasuuzwa mara moja, unakauka mara moja, hauna pa kuficha uchafu. Hapa ndipo aina ya mpira inapoanza kuwa na maana. Mpira wa asili, utokanao na utomvu wa mti, ni laini na hukumbatia sakafu kuliko yote, lakini adui zake ni mafuta na jua. Mafuta ya kupikia huuvimbisha na kuufanya unate. Jua huupasua nyufa ndogo ndogo ukingoni, na kila ufa ni mchirizi. Neoprini, mpira unaotengenezwa kiwandani, huvumilia mafuta vizuri zaidi, kwa hiyo ukiipata ipeleke jikoni. Silikoni haiogopi jua, lakini ikichanika kidogo tu, labda kwa kugonga kona ya bati, mpasuko unaendelea mpaka mwisho.

Lebo mara nyingi haikuambii lolote kati ya hayo. Mimi nategemea vidole na kaunta ya kioo. Ukiwa dukani, simamisha skwiza juu ya kioo, iinamishe, bonyeza kwa upole, kisha tazama kwa upande wa pili wa kioo. Ukingo unatakiwa uguse kwa urefu wake wote. Ukiona mwanga unapita katikati au pembeni, fremu imepinda, rudisha. Halafu pinda ulimi kwa kidole gumba na uuachie. Mzuri unarudi papo hapo. Mbaya unarudi polepole, kana kwamba unafikiria, na huo baada ya miezi miwili utabaki umepinda. Pitisha ukucha ukingoni uone kama una vinundu vya kiwandani. Mwisho muulize muuzaji kama mpira unatoka na kama anauza mpira wa akiba. Skwiza ambayo mpira wake haubadilishwi utaitupa nzima.

Muuzaji atakuuliza, "Mama, nikupe ya ngapi?" akimaanisha sentimita. Hapo ndipo wengi wanasema kubwa. Ya sentimita 75 ni nzuri kwa ukumbi wa shule au varanda ndefu. Nyumbani itagonga mlango wa choo, haitaingia nyuma ya sinki wala kati ya miguu ya meza. Isitoshe, kadiri ulimi unavyokuwa mrefu ndivyo unavyoshindwa kufuata sakafu ambayo fundi hakuisawazisha vizuri, na sakafu zetu nyingi zina mawimbi. Kwa vyumba na sebule sentimita 45 inatosha, 55 ukiwa na nafasi. Kwa bafu nunua nyingine ya 35, iwe ya bafu tu.

Hilo la kutenganisha silisemi kwa mapambo. Mpira uliosukuma maji ya chooni usiguse chumba ambacho mtu atatandika msala, wala jikoni ambako mtoto anatambaa. Hoteli na hospitali nyingi hutumia rangi ili mtu asikosee, na nyekundu mara nyingi ndiyo ya vyooni. Nyumbani kwangu nafanya hivyo hivyo, mpini mwekundu hautoki bafuni.

Mpini nao uutazame. Mipini mingi ya dukani ina sentimita 120, na mtu mrefu akiitumia atainama mpaka kiuno kiume. Simamisha mpini mbele yako: ukifika kidevuni, unakufaa. Wa bati jembamba lililovikwa plastiki huoza kwa ndani kama kifuniko cha juu kimetoka, maana maji huingia bila wewe kuyaona. Wa alumini ni mwepesi na haushiki kutu. Na usinunue kichwa duka hili na mpini duka lile bila kujaribu kuvifunga, kwa kuwa meno ya skrubu hutofautiana. Yapo ya Kiitalia, yapo ya Kimarekani, na hayaingiliani hata ukilazimisha.

Kabla ya kulaumu mpira wowote, jua maji yako yanataka kwenda wapi. Sakafu ya bafu inatakiwa ishuke sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji. Weka gololi penye kona ya mbali kabisa uone inakobingirikia. Nimeingia nyumba nzuri za gharama ambako gololi inakimbilia mlangoni, yaani fundi aliliweka tundu mahali palipo juu kuliko sakafu nyingine. Mwenye nyumba kabadilisha skwiza tatu akidhani hazifai. Kwa bafu la namna hiyo, mpaka fundi arudi, vuta maji yakusanyike sehemu moja kisha yachote kwa kizoleo cha plastiki chenye mdomo mwembamba uliolala vizuri sakafuni. Ni kazi ya kuudhi, naijua, lakini ni afadhali kuliko kumwachia mzee dimbwi mlangoni.

Namna ya kuvuta hujifunza siku moja. Lowesha ukingo kwanza, kwa sababu mpira mkavu kwenye marumaru kavu unarukaruka na kupiga kelele. Anza kona ya mbali na mlango. Inamisha mpini kwenye nyuzi 45 hivi, vuta kuelekea kwako kwa mstari mrefu, na mstari unaofuata upande kidogo juu ya ule uliopita. Usikandamize. Ukikandamiza, ulimi unalala ubavu, ukingo unanyanyuka, na maji yanapita chini yake. Msafishaji mwenye nguvu nyingi ndiye anayeacha michirizi mingi, nimeliona hilo mara nyingi sana. Sakafu ya mbao na kapeti la plastiki lililobandikwa havitaki utaratibu huu, kwa sababu maji huingia kwenye maungio. Huko tumia tambara lililokamuliwa sana.

Maji ya masika ni jambo jingine. Wanaoishi mabondeni, kwa mfano pembezoni mwa mto Msimbazi wa Dar es Salaam, wanajua kwamba yanayoingia ndani si mvua tu, yamepitia vyooni na mitaroni. Zima umeme kwenye swichi kuu, ila kama swichi yenyewe imefikiwa na maji usiiguse, mwite fundi umeme. Vaa buti. Sukuma maji na tope nje, osha kwa sabuni, suuza, ndipo upitishe klorini. Kwa chupa iliyoandikwa asilimia 3.5, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo sita vya maji safi kinakupa asilimia 0.5, kiwango kinachotumika kuua vijidudu kwenye sakafu iliyochafuliwa na kinyesi. Iache dakika 10 kabla ya kuisuuza. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, maana mvuke wake unaumiza mapafu. Skwiza iliyofanya kazi hiyo ioshwe kwa klorini hiyo hiyo, na kama ilikuwa ya sponji mimi huitupa.

Ukimaliza kazi ya kawaida, suuza mpira, upanguse, uitundike skwiza kwenye msumari, mpira usiguse kitu chochote. Ukiisimamisha kwa mpira wake, ule uzito mdogo wa mpini usiku kucha unatosha kuupinda. Mipira mingi ina kingo mbili, kwa hiyo wa kwanza ukichoka unautoa na kuugeuza. Utajua umechoka kwa kidole: ukingo mpya una kona kali, uliochoka umeviringika.

Shangazi sasa anatembea kwa mkongojo. Bafuni kwake nimepigilia msumari usawa wa kiwiko, ndipo inapokaa ile ya sentimita 35, na wajukuu wanajua kwamba anayetoka wa mwisho anavuta maji. Juzi nimeenda kumbadilishia mpira, kingo zote mbili zilikuwa zimekwisha. Alikaa kwenye kiti chake akinitazama, kisha akauliza, "Mwanangu, huo wa zamani hauwezi kukatwa ukawa wa dirisha?" Nikaunyoosha juu ya ubao, nikaukata milimita chache kwa wembe, ukatoka ukingo mpya. Vioo vya mbele sasa vinapanguswa nao.