Mjomba wa Msimbati ana mbizi ngapi?

Je, mtu aliyezama baharini miaka thelathini kwa pumzi zake mwenyewe, akienda leo kwa wanaozamia na mitungi ya hewa, ataandikiwa uzoefu wa mbizi ngapi?

Swali hili niliwahi kulijibu kwa sauti kubwa barazani Mikindani, kwetu Mtwara. Nilimpigia hesabu mjomba wangu wa Msimbati, mvuvi wa pweza: siku mia mbili kwa mwaka, mara ishirini kwa siku, miaka thelathini. Laki moja na ishirini elfu. Nikaona nimemaliza. Kijana mmoja aliyekuwa ametoka kusomea kazi ya kuongoza wageni chini ya maji akasubiri nimeze kahawa yangu, akasema, "Sifuri, kaka."

Nilikasirika kwa niaba ya mjomba. Nikasema ni yale yale, bahari yetu halafu karatasi ya kututambua inatoka kwa wengine. Kijana hakubishana. Baadaye nilipokwenda kuulizia kwa utulivu niligundua kwamba alikuwa sahihi, na kwamba sababu ya ile sifuri haimo katika karatasi bali katika mapafu. Lakini tuanze na karatasi, kwa kuwa ndipo nilipoanza kukosea.

(Neno moja kwanza. Kwetu "mzamiaji" anaweza pia kuwa kijana aliyejificha kwenye meli akaibukia nchi nyingine, kwa hiyo nitasema "mpiga mbizi" ili nisimpeleke mjomba polisi.)

Vifaa vya kupumulia chini ya maji kama tunavyovijua leo vilitengenezwa mwaka 1943 na Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan. Vyama vya kufundisha na kutoa vyeti vikafuata: CMAS mwaka 1959, PADI mwaka 1966, na vingine. Pamoja na cheti kikaja kitabu. Mabaharia wa zamani walikuwa na batli, daftari la chombo la kuandikia safari, upepo na mwendo. Mpiga mbizi naye ana batli yake. Huandika tarehe, mahali, kina, dakika, hewa aliyoanza nayo na aliyobaki nayo, kilo za madini ya risasi anazofunga kiunoni ili azame, umbali ambao jicho liliona, na mwenzake anatia sahihi.

Mbizi gani inastahili kuandikwa? Kwa mbizi za mafunzo PADI wana kipimo: sehemu kubwa ya muda uwe kwenye kina cha mita 5 au zaidi, na ukae chini dakika 20 au uvute hewa lita 1,400. Mtungi wa kawaida wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (yaani hewa imeshindiliwa kama mara 200) una lita 2,400, kwa hiyo lita 1,400 ni zaidi ya nusu yake. Mazoezi ya bwawani hayahesabiwi hata ukishinda humo. Mjomba akiwa na pweza shimoni hukaa chini dakika moja, au moja na nusu akiona tamaa, na hana mtungi wa kumpimia lita. Kwa kipimo hicho mbizi zake laki moja na ushee hazifikishi hata moja. Kijana wa watu alikuwa anasoma tu kanuni.

Ukishapata cheti, hakuna askari wa batli. Unaandika unachotaka. Wapo wanaohesabu kila walipolowa nywele. Wapo pia wanaohesabiwa na mashine: kompyuta ndogo ya mkononi huanza kuandika ukishapita mita moja na kitu, na ukiibuka kumtafuta mwenzako kwa dakika kadhaa kisha ukarudi chini, baadhi yake huandika mbizi mbili. Mtu mwenye bahati mbaya ya kupotezana na wenzake anaweza kurudi nyumbani akiwa na "uzoefu" mara mbili ya wale waliotulia. Jambo hili hunifurahisha kupita kiasi.

Hata hivyo idadi ina kazi. PADI humtaka mtu awe na mbizi 40 kabla ya kuanza kozi ya kuongoza wengine na 60 kabla ya kuimaliza. Anayetaka mtihani wa ualimu awe nazo 100. Lakini mwenye boti makini hataishia kwenye idadi. Atauliza: mara ya mwisho lini? Wapi? Kulikuwa na mkondo? Anayevuka kila siku kwa kivuko kwenda Msangamkuu ana safari nyingi kuliko manahodha wengi, na hakuna anayefikiria kumpa usukani.

Sasa mapafu. Hapa ndipo ubishi wangu ulipovunjika, nami naomba tulia nikueleze polepole, kwa gunia la sufi.

Chukua gunia, lijaze sufi kiasi, kisha mtu mmoja alikalie. Huyo mmoja ni uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, ambao tumeuzoea hata hatuusikii. Kila mita 10 za maji ya bahari ni kama mtu mwingine mmoja amekuja kukaa juu ya gunia hilo hilo. Mita 10, watu wawili. Mita 20, watu watatu. Mita 30, wanne. Gunia ni mapafu yako, sufi ni hewa.

Mjomba anapozama, amejaza sufi yake akiwa juu ya maji na kufunga mdomo wa gunia. Anashuka, watu wanakaa, gunia linabonyea. Kwa mita 10 linabaki nusu, kwa mita 20 theluthi. Anapopanda watu wanainuka mmoja mmoja, gunia linarudi kama lilivyokuwa. Hakuna kilichoongezwa, na kilichopungua ni kidogo. Ndiyo maana anaweza kubana pumzi kuanzia juu hadi juu, na kubana huko ndiko ufundi wake. Miaka thelathini mwili wake umefundishwa neno moja: funga.

Mwenye mtungi yuko tofauti kabisa. Kile kifaa mdomoni humpa hewa yenye nguvu sawa na maji yaliyomzunguka, maana isingekuwa hivyo kifua kisingefunguka. Yaani gunia linajazwa wakati watu watatu wamelikalia, na linashindiliwa mpaka lisimame urefu wake wa kawaida. Sufi ngapi imeingia? Mara tatu. Hakuna shida, mradi mdomo wa gunia uko wazi na sufi ya ziada inatoka kadiri watu wanavyoinuka. Sasa afunge mdomo, kwa mazoea, apande. Mtu wa kwanza anainuka. Wa pili anainuka. Mishono inaanza kulia.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza anayofundishwa mpiga mbizi wa mtungi ni kwamba asibane pumzi kamwe. Mapafu yaliyojaa yanaweza kupasuka kwa kupanda kiasi cha mita 1.2 tu, kina cha maji ya kiunoni kwa mtu mrefu. Hewa ikiingia kwenye damu inaweza kufika kwenye ubongo. Tena mabadiliko makubwa hayako vilindini. Kutoka mita 40 hadi 30, watu watano wanabaki wanne; gunia linavimba kwa robo. Kutoka mita 10 hadi juu, wawili wanabaki mmoja, linavimba maradufu. Maji madogo, yale ambayo mjomba huyaita uani kwake, kwa jambo hili ndiyo yenye hatari zaidi.

Basi ile sifuri haikuwa dharau. Uzoefu wake ni wa kweli, ila katika jambo lililo kubwa kuliko yote unamvuta upande usiofaa. Dereva akizoea gari ambalo breki yake iko kulia, halafu ukampa ambalo breki iko kushoto, miaka yake mingi haimsaidii pale mtoto anapokatiza barabara. Mguu utakwenda ulikozoea.

Gunia lile lile linaeleza pia kwa nini wajuzi husoma batli kwa kutazama safu ya hewa kabla ya safu ya idadi. Kwa mita 20 kila pumzi inachota mtungini mara tatu ya ile ya juu. Mgeni wa mambo, ambaye juu angetumia lita 25 kwa dakika kwa hofu na papara, huko chini anatumia 75. Mtungi una lita 2,400. Weka akiba lita 600. Zilizobaki zinamtosha dakika 24. Mtulivu anayetumia lita 15 atakaa dakika 40 kwa mtungi huo huo, mahali pale pale.

Anayemaliza hewa upesi mara nyingi humaliziwa na risasi. Hajiamini, anafunga kilo tatu za ziada ili azame vizuri, halafu inambidi aweke kama lita tatu za hewa kwenye jaketi la kuelea ili asiburutwe chini. Ni jahazi lililozidishiwa farumi, ule uzito wa kulituliza majini, halafu likafungiwa mapipa matupu ubavuni. Akipanda kutoka mita 20 hadi 10, lita zile tatu zinakuwa nne na nusu, zinamvuta juu, anatoa hewa, anazama, anaweka tena, anapiga miguu, anahema. Aliyekwisha kuzoea hujipandisha na kujishusha kwa pumzi tu. Lita moja ya hewa zaidi kifuani ni sawa na kilo moja ya kumnyanyua, basi huvuta kidogo zaidi akikaribia jabali, hushusha pumzi akilivuka. Ukitazama batli yake utaona risasi zinapungua ukurasa hadi ukurasa. Nikilazimika kuchagua alama moja ya uzoefu, ningechagua hiyo.

Lakini safu ya hewa nayo hudanganya. Mwenye mwili mkubwa hutumia zaidi hata akiwa na mbizi elfu. Baridi huongeza, mkondo huongeza. Na wapo wanaobana pumzi kidogo kidogo ili warudi na hewa nyingi wajisifu botini. Hurudi na kichwa kinachogonga, kwa sababu hewa chafu imejilimbikiza mwilini.

Na mahali pana uzito wake. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina eneo la kama kilomita 650 za mraba, na ndani yake mna maji ya kila tabia. Mkondo mkubwa unaokuja kutoka mashariki ukivuka Bahari ya Hindi hugonga Afrika karibu na Rasi ya Delgado, kusini ya mpaka wetu, ukagawanyika, tawi moja likapanda kaskazini kupita kwetu. Ruvuma inamwaga tope lake. Wakati wa bamvua maji hukimbia kwenye milango ya miamba. Wakati wa maji mafu mahali hapo hapo panatulia. Mbizi kumi zilizopigwa hapo kwa nyakati tofauti na mbizi kumi za ghuba iliyolala zinaandikwa kwa tarakimu ile ile.

Haya ya mwisho mjomba anayajua bila kitabu. Anajua maji yatageuka saa ngapi, na kusi ikianza asiende upande upi. Kuhusu mwili wake siwezi kusema mengi. Watafiti waliochapisha mwaka 2018 waliwapima Wabajau wa Indonesia, watu wa kuzama kwa pumzi kizazi hadi kizazi, wakakuta bandama zao, kiungo kinachotunza akiba ya damu, ni kubwa kwa asilimia 50 hivi kuliko za majirani wao wa nchi kavu. Wabajau si watu wa Msimbati, na bandama ya mjomba haijapimwa na mtu. Yeye mwenyewe anasema ana mapafu ya kasa, na kasa hawakuulizwa.

Mwisho mjomba akajaribu mtungi. Mwalimu mmoja alimchukua asubuhi ya maji mafu, baada ya kumpima afya na kumfundisha kwenye maji ya kifuani. Mimi nilibaki botini. Nilipomsalimu alipoibuka alikuwa amenuna. "Mpwa wangu, yule bwana amenigongea mtungi kwa kisu safari nzima, kang, kang, kang, 'pumua!' Nilikuwa sina haja."

Batli yake iko kabatini kwangu. Kina kikubwa kabisa mita 8, wastani 6, dakika 24, mtungi wa lita 12 kutoka baa 200 hadi 150. Nilipiga hesabu usiku ule: kama lita 16 kwa dakika ukizirudisha juu ya maji. Kwa mtu wa siku ya kwanza ni namba ya kujivunia, isipokuwa nusu ya sifa hiyo ni zile pumzi alizokuwa amezibana. Kwenye "Mbizi namba" mwalimu ameandika 1. Chini kuna mistari mitatu ya "Ulichokiona". Mjomba alitaja, mwalimu akaandika: kolekole, changu, chewa, taa aliyejifukia, shimo la kamba, mwamba ambao baba yake aliuita kwa jina. Mistari ikaisha, na pweza hajamtaja bado.