Sukuma Wiki Iliyopigwa Dawa Jana Haiendi Sokoni Leo

Mvua ikipungua na vidukari vikianza kujaa kwenye mboga, malalamiko nayo huanza kutufikia kutoka Kisumu, Vihiga hadi Kakamega. Mmoja amenunua mboga inayonuka dawa, mwingine amepiga dawa na wadudu hawafi. Mara nyingi chanzo ni kimoja: lebo haikusomwa.

Lebo hutaja siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna. Dawa nyingine ni siku 3, nyingine 14. Kwa mkulima wa sukuma wiki hesabu hiyo haina likizo, maana mboga hii haivunwi mara moja ikaisha. Kila unapochuma majani ya chini, umevuna. Basi chuma kwanza, ndipo upige dawa, kisha usiguse shamba mpaka siku zitimie. Kama unapeleka mboga sokoni kila wiki, dawa ya siku 14 haikufai, hata ikiwa rahisi namna gani. Na hii hoja kwamba mama mboga ataosha, tumeisikia mno. Dawa inayoingia ndani ya mmea haitoki kwa maji.

Kabla ya kwenda agroveti, geuza jani. Ukikuta kati ya vidukari vile vya kijivu kuna vilivyovimba na kuwa rangi ya kahawia, vingine vikiwa na kitundu mgongoni, ujue nyigu wadogo wametaga ndani yake na wanakufanyia kazi bila malipo. Ondoa majani yaliyojikunja, nyunyiza maji yenye sabuni kidogo upande wa chini, ukague tena baada ya siku chache. Kiwavi chembamba cha kijani kinachojipindapinda ukikigusa, kikashuka kwa uzi, ni kizazi cha nondo anayesumbua kabichi. Huyo ameshakuwa sugu kwa dawa nyingi kwa sababu hupigwa ile ile kila msimu. Kumwongezea vifuniko viwili vya dawa kwenye pampu ya lita 20 ni kuua nyigu na kumwacha yeye. Badilisha aina ya dawa, ukiuliza kiambato chake, kwani majina mawili ya dukani yanaweza kuwa dawa moja.

Upande wa sheria, Sura ya 346 ya Sheria za Kenya inaipa PCPB, yaani bodi ya serikali inayosimamia dawa za kuua wadudu, jukumu la kusajili dawa hizi na kutoa leseni kwa maduka yanayoziuza. Chupa halali ina namba ya usajili inayoanza na herufi PCPB, pamoja na tarehe ya mwisho ya matumizi. Dawa iliyopimwa ndani ya chupa ya soda haina hata kimoja kati ya hivyo, na anayeiuza anajiweka kwenye hatari ya faini au kifungo, hata akiwa jirani mwema. Ukishuku dawa, usiimwage na usiirudishe kimyakimya dukani. Iache ndani ya chupa yake, hifadhi risiti, piga picha ya lebo, kisha mwarifu afisa wa kilimo wa wadi yako. Mkaguzi ana mamlaka ya kuingia dukani na kuchukua sampuli. Bila chupa wala risiti, kazi yake inakuwa ngumu sana.

Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, maji hayo uyarudishe ndani ya pampu, kisha uitoboe. Isiwekwe maziwa wala mafuta ya kupikia.